Kabla Mabati Hayajazungushwa

Jumatano, 2 Julai 2025

Jana mjini London, kwenye mnada wa Christie's, picha moja ya Canaletto ilinunuliwa kwa pauni milioni 31.9. Hakuna kazi yake nyingine iliyowahi kufika bei hiyo mnadani. Inaonyesha Bucintoro, jahazi la dhahabu la mtawala wa Venice, likirejea Siku ya Kupaa kwa Bwana, siku ambayo mtawala huyo alitupa pete majini kuifunga ndoa baina ya mji na bahari. Ilichorwa mnamo 1732, na Robert Walpole, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, aliitundika nyumbani kwake Downing Street. Jahazi lenyewe halipo tena. Wanajeshi wa Napoleon walichoma mapambo yake mwaka 1798 wapate dhahabu, mwaka mmoja baada ya jamhuri ya Venice kuanguka.

Habari hiyo imenikuta ofisini, mbele yangu kuna ramani ya ghorofa za kupanga kwenye kiwanja kilicho karibu na barabara ya Gitanga, hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuchora kisichokuwepo bado: nguzo, slabu, ngazi, shimo la lifti. Canaletto alichora kilichokuwepo, na ndiyo maana nampenda kuliko wachoraji wengi waliosifiwa zaidi yake. Nitaandika juu yake mwezi huu, usiku, watoto wakishalala.

Alhamisi, 3 Julai

Jina lake hasa ni Giovanni Antonio Canal. Alizaliwa Venice mwaka 1697, akafia huko huko 1768. Baba yake, Bernardo Canal, alichora mandhari za jukwaani, na mtoto alianzia hapo, kwenye vile vitambaa vikubwa vinavyosimama nyuma ya waigizaji na kulifanya jukwaa dogo lionekane kuwa ua wa ikulu. Kazi hiyo humfundisha mtu mistari: jinsi kuta mbili zinavyokimbilia nukta moja kwa mbali, na jinsi dari linavyoinama. Mnamo 1719 alikwenda Roma, na muda si mrefu akaachana na tamthilia akageukia mji.

Hakuwa wa kwanza. Mholanzi Gaspar van Wittel alikuwa ameshachora miji ya Italia kwa namna hiyo, na Luca Carlevarijs aliichora Venice kabla yake. Lakini hao wawili, nikiwatazama, naona uwanja na minara. Nikimtazama Canaletto naona saa ya siku.

Watu hupenda kusema alitumia sanduku la giza, lile ambalo mwanga hupenya kwa lenzi, ukapiga kwenye kioo, sura ya nje ikatua juu ya karatasi na mtu akaifuatisha kwa penseli. Katika jumba la makumbusho la Correr kule Venice lipo sanduku kama hilo lililoandikwa A. CANAL. Haya, na alitumie. Anayefikiri sanduku ndilo lililochora hajawahi kushika rula. Kwa jicho la mchora ramani naona wazi kwamba picha zake nyingi zimeunganishwa kutoka sehemu mbili au tatu za kusimama. Aliupanua Mfereji Mkuu alipotaka nafasi, akausogeza mnara ulipomziba. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mahali panapoonyesha yote yale kwa pamoja. Ila mlango ukiwa na tofali lililobanduka, tofali hilo amelichora limebanduka.

Kinachonigusa zaidi ni daftari lake. Liko kwenye Gallerie dell'Accademia, kurasa zaidi ya mia za michoro ya haraka ya kuta za mferejini, moja baada ya nyingine, na pembeni ameandika kwa mkono wake rangi za kuta na majina ya mahali. Mwenyewe ninalo la namna hiyo, la karatasi za mistari, nililolinunua Valley Arcade.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimekaa na picha moja tu, iitwayo Uwanja wa Waashi, iliyoko National Gallery ya London. Ni ya mnamo 1725, wakati hajawa mtu wa kuagiziwa kazi na matajiri wa nje. Hakuna jahazi la dhahabu humo. Kuna kiwanja cha vumbi kilichogeuzwa kuwa mahali pa kuchongea mawe, kwa ajili ya kanisa la jirani la San Vidal. Waashi wamepiga magoti juu ya mawe meupe. Kuna kibanda cha mbao. Nguo zimeanikwa madirishani. Kushoto mtoto ameanguka chali na mama yake anamkimbilia mikono wazi, na mwanamke mwingine anachungulia kutoka juu. Jogoo yupo. Ng'ambo ya mfereji linasimama kanisa la Santa Maria della Carità na mnara wake wa kengele.

Mnara huo ulianguka mwaka 1744. Kanisa lenyewe leo ni sehemu ya jumba la Accademia, lile lile linalotunza daftari la mchoraji. Anayetaka kujua mnara ulivyokaa dhidi ya anga la asubuhi huenda akatazame picha hii.

Nimeitazama kisha nikatoka kwenye kibaraza. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna mjengo. Mawe ya Ndarugo yamemwagwa kwa lori kando ya ua, na mafundi wawili wanayachonga kwa nyundo na patasi tangu saa moja asubuhi, vumbi la kijivu limewapaka nyusi. Karibu na geti la mabati, mama wa chakula amewasha jiko. Saa nne atakuwa na chai na mandazi, saa saba githeri na chapati. Mtoto wake anacheza na kipande cha mfereji wa plastiki. Nguo za mafundi zimetundikwa kwenye nondo. Ni kiwanja kile kile. Miaka mia tatu inatutenganisha, na hakuna kilichopungua hata kimoja: jiwe, nyundo, mama, mtoto, nguo za kuanika.

Hili ndilo ninalotaka kulishika. Canaletto alijua kuwa mji haukai minarani peke yake. Unakaa pia kwenye kiwanja cha kazi, kwenye chokaa iliyobanduka, kwenye ubao wa muda ambao kesho utaondolewa. Wachoraji wetu wengi wanaochora Nairobi huanza na jengo la KICC, na sina ugomvi nalo. Wasanifu wake, Nøstvik na David Mutiso, walitupa mnara wa kujivunia mwaka 1973. Lakini mnara huo umepigwa picha kiasi kwamba hauwezi kusahaulika hata ukianguka. Huyu mama na jiko lake je?

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Polisi wamezifunga barabara zinazoingia katikati ya jiji tangu alfajiri, ofisi imetuambia tubaki nyumbani. Barabara ya James Gichuru imenyamaza kama ya Krismasi. Nimewaza vijana walioko nje huko, na sikuweza kuchora.

Nimesoma badala yake juu ya wanunuzi. Wengi walionunua picha za Canaletto walikuwa Waingereza, vijana wa nyumba za kitajiri waliopelekwa Italia kumalizia masomo yao, wakataka kurudi na kitu cha kutundika ukutani. Wakala wake alikuwa Joseph Smith, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi kando ya Mfereji Mkuu na kuwa balozi mdogo wa nchi yake mwaka 1744. Smith aliagiza, akanunua, akauza, na nyingine akajiwekea. Mwaka 1762 aliuza hazina yake kwa mfalme George wa Tatu kwa pauni 20,000, humo mkiwa na picha za Canaletto zipatazo 50 na michoro yake ya karatasi zaidi ya 100. Kwa hiyo mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa kazi za Canaletto ni mali ya ufalme wa Uingereza.

Vita vya kugombea kiti cha Austria vilipozuka mwaka 1740, wasafiri wakapungua, na pesa zikapungua nao. Mwaka 1746 mchoraji akafunga mizigo akawafuata wateja wake London. Akakaa huko karibu miaka kumi. Alilichora daraja la Westminster likiwa bado linajengwa, na mihimili ya mbao ikionekana chini ya matao. Baadhi ya watu wa London walinong'ona kwamba huyu siye Canaletto wa kweli. Akatangaza magazetini, mwaka 1749, kwamba anayetaka na aje alikopanga, mtaa wa Silver, aione picha yake mwenyewe.

Ninalolisoma hapa ni kwamba soko la wageni lilimlisha, na pia lilimfunga. Wageni walitaka kile walichokwisha kukiona: uwanja wa San Marco, daraja la Rialto, sherehe. Uwanja wa Waashi ulibaki karibu peke yake. Na sisi tunalijua soko hilo. Nenda kwenye masoko ya Wamaasai ya Nairobi siku yoyote: twiga, tembo, Kilimanjaro, mwanamke aliyebeba kuni, jua jekundu linalozama nyuma ya mgunga. Mgeni hajaja kununua ukuta wa mtaa wetu wa Lavington. Anayepaswa kuununua ni sisi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa ya St Austin's nimetembea polepole kurudi nyumbani. Misheni hii ilianzishwa mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa hapa, miongoni mwa kahawa za kwanza kabisa za Kenya, na sehemu kubwa ya Lavington ya leo ilikuwa mashamba. Barabara ya James Gichuru ilikuwa ikiitwa St Austin's. Baada ya kahawa zikaja nyumba: za mawe, za chini, paa la vigae vyekundu, bomba la moshi kwa ajili ya Julai kama hii, ua wa kaiyaba wenye miiba, mjakaranda mmoja au miwili, na nyuma kabisa vyumba vya wafanyakazi.

Nyumba hizo zinaondoka. Dalili ya kwanza ni mabati yanayozungushwa kiwanja kizima, na ubao wa mradi juu yake. Dalili ya pili ni mti kukatwa usiku.

Nimesimama mbele ya moja ambayo mabati yake yameanza kupigwa upande mmoja tu. Nikatoa daftari. Mwanga wa Julai ni mwembamba, mawingu yametulia, lakini saa sita hivi wingu likapasuka kidogo. Majira haya jua hupita kaskazini mwa anga letu, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unaong'aa na ule wa kusini unabaki na ubaridi wake. Desemba mambo hugeuka. Mchora ramani wa Nairobi hulijua hilo anapopanga madirisha. Mchoraji wa picha analihitaji zaidi.

Mzee mtunza bustani akatoka getini.

"Unapima, dada?"

"Hapana, mzee. Nachora tu."

"Unachora nyumba?"

"Nyumba, na ule mti."

Akatazama karatasi muda mrefu. "Basi chora na tangi. Tangi hilo nimelijaza mimi tangu enzi za Moi, na hakuna mtu amewahi kulipiga picha."

Nikalichora tangi, la mabati ya mviringo, juu ya mnara wa mbao uliopakwa lami. Akanionyesha mahali ambapo ngazi yake ina kidato kilichofungwa waya, nikakichora nacho. Akauliza kama nitampa karatasi. Nimemwahidi nakala, na kesho nitaipeleka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepitia Circle Art Gallery, hapo James Gichuru. Ni jambo jema kwamba mtaa huu una mahali ambapo mtu anaweza kuingia na kusimama mbele ya kazi ya mchoraji wa Afrika Mashariki, na kwamba tangu 2013 wameendesha minada ambapo kazi za akina Jak Katarikawe zimepata bei hadharani. Nimetoka nikijiuliza ni nani kati ya wachoraji wetu anayeuchora mji.

Paul Onditi, nadhani, kwa namna yake. Yule mtu wake Smokey hutembea peke yake katika miji iliyochakaa, tabaka juu ya tabaka, na ingawa huwezi kusema hii ni barabara fulani, uchovu ule ni wa mji unaoufahamu. Dennis Muraguri kwa hakika. Matatu zake, nyingi akizichapa kwa ubao uliochongwa, zimejaa kelele, maandishi, kondakta anayening'inia. Ila kwake matatu huujaza ukurasa mzima na jengo lililo nyuma likawa kivuli. Kwa Canaletto gondola na ukuta vina haki sawa. Ningependa kuuona ukuta nyuma ya matatu ya Muraguri ukichorwa kwa upendo ule ule anaoipa matatu. Naye Michael Soi huchora watu wa mji, baa zake na wakubwa wake, na ndiye aliyeirudisha Venice kwetu kwa uchungu.

Nataka kuliandika jambo hili lisipotee. Maonyesho ya Venice, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, huzipa nchi mabanda yao. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii wa China na Italia, na Wakenya walikuwa wachache sana. Mwaka 2015 jambo lile lile likataka kurudiwa. Safari hiyo wasanii wa hapa wakapiga kelele, wakakusanya saini, na serikali ikajitenga na banda hilo. Soi akachora mfululizo mzima juu ya aibu hiyo ya Venice. Mwaka 2017, hatimaye, Jimmy Ogonga aliandaa banda lenye Arlene Wandera, Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi na Mwangi Hutter, kwenye kisiwa cha Giudecca. Mwaka 2022 wakaenda Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai, Dickens Otieno na Wanja Kimani.

Giudecca ni kile kisiwa kirefu kilicho ng'ambo ya maji, na Canaletto alikichora. Nafikiria wenzetu wakishusha masanduku mahali hapo, na moyo unachangamka. Lakini hasira yangu juu ya 2013 haijaisha, na sioni sababu iishe. Wale waliolichukua jina letu walidhani Kenya ni mahali ambapo wengine huja kupata mandhari. Mtu akiamini kwamba nchi haina wa kujichora mwenyewe, ataichora yeye na kutia saini.

Jumanne, 22 Julai

Usiku wa kusoma juu ya mwani.

Dario Camuffo, mwanafizikia wa Italia, alizichukua picha za Canaletto na za mpwa wake Bernardo Bellotto akazitazama kwenye miguu ya majumba, pale ukuta unapoingia majini. Huko kuna utepe wa kijani na kahawia: mwani, unaoota hadi pale maji yanapofika mara kwa mara yakijaa. Wachoraji wote wawili waliuweka kwa usahihi, jengo kwa jengo. Camuffo akaenda kwenye majengo yale yale yaliyobaki, akapima mwani wa leo uko juu kiasi gani kuliko wa kwenye picha. Mwaka 2003 yeye na mwenzake wakatangaza: tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18 Venice imezama takriban sentimita 60, kwa bahari kupanda na ardhi kushuka. Hapakuwa na kipimo cha maji mjini humo kinachorudi nyuma hivyo. Picha za kupamba sebule zikawa kipimo.

Nimesimamisha kitabu hapo kwa muda. Canaletto alikuwa na kila sababu ya kuupaka ukuta rangi safi hadi chini. Mteja asingelalamika, mteja hakulipia uchafu. Akauweka kwa kuwa ulikuwepo. Tarehe 12 Novemba 2019 maji ya Venice yalipanda hadi sentimita 187, na mwaka uliofuata milango ya chuma ya kuzuia bahari ikainuliwa kwa mara ya kwanza. Wahandisi wanaopigana na maji hayo wana deni kwa mtu aliyechora ukoga.

Sisi hatuna mifereji, lakini tuna mito. Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukashuka kupitia upande wetu huu wa magharibi hadi katikati ya jiji, na Kirichwa Kubwa hupita chini ya maghorofa mapya ya Kilimani na Kileleshwa ambayo baadhi yake yamesimama karibu mno na kingo. Aprili na Mei mwaka jana mito hiyo ilifurika. Watu walikufa, na huko Mathare nyumba za kando ya mto zilibomolewa baada ya maji kuondoka. Alama ya matope ilibaki kwenye kuta na nguzo za madaraja kwa majuma. Nani aliichora? Simu zetu zina video za gari linaloelea. Alama ya matope kwenye nguzo, na daraja lenyewe, na tarehe, na jina la mahali: hiyo ndiyo ingemsaidia mhandisi wa mwaka 2090, na hiyo ndiyo mvua ya kwanza iliyofuata iliiosha.

Nitaanza na nguzo za madaraja. Si kazi ya kusubiri mtu anitume.

Jumapili, 27 Julai

Siku fupi. Nimekumbuka michoro ya ukutani niliyoiona Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyochorwa ramani na Mwitaliano Cairati mwaka 1593. Wanajeshi na mabaharia wa Kireno walichora kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya lipu ya boma mojawapo: merikebu, makanisa, watu, samaki. Walichora nyumbani kwao na njia ya kurudia. Mtaa wa Mombasa uliokuwa hatua chache nje ya ukuta sikuuona humo. Siwalaumu, mtu aliye mbali huchora anachokitamani. Lakini wenyeji wa pwani nao, kwenye lipu za magofu ya Gede na Kilwa, walichora vyombo vyao kwa ncha kali, tanga na mlingoti, na leo wachunguzi wa mitumbwi na majahazi huisoma mistari hiyo kujua vyombo vilivyosafiri bahari ile. Tabia hii si ya kuazima Italia.

Alhamisi, 31 Julai

Nimebakiza Bellotto.

Alikuwa mtoto wa dada yake Canaletto, akajifunza kwa mjomba, na alipoondoka Italia akatumia jina la mjomba. Mwaka 1747 alikwenda Dresden kumtumikia mtawala wa Saksonia. Baadaye akafika Warsaw kwa mfalme Stanisław August, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1780. Rangi zake ni baridi kuliko za mjomba, kijivu na bluu ya chuma, na mimi, mtu wa Julai ya Nairobi, ninamwelewa haraka zaidi. Aliichora Warsaw mtaa kwa mtaa: makanisa, majumba ya wakubwa, vibanda, matope ya barabarani, ombaomba. Picha zake 22 za mji huo ziko katika ngome ya kifalme.

Mwaka 1944, baada ya watu wa Warsaw kuasi, majeshi ya Ujerumani yaliubomoa mji huo kwa makusudi, mtaa baada ya mtaa. Vita vilipokwisha Wapolandi waliamua kuujenga upya mji wa kale. Walitumia picha za kamera, walitumia vipimo ambavyo wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa wamevichukua kabla ya vita, na walitumia picha za Bellotto. Pale alipokuwa ameongeza pambo kidogo kwa kupenda kwake, majengo mengine yakajengwa na pambo hilo. Mwaka 1980 UNESCO iliuweka mji huo wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nairobi haijapigwa mabomu ya vita vya namna hiyo. Inabomolewa na sisi wenyewe, kwa vibali, kiwanja kimoja kwa wakati, na mimi ni mmoja wa wanaolipwa. Sipingi maghorofa, watu wanahitaji mahali pa kuishi, nami nakaa kwenye ghorofa ya tatu. Lakini mafaili ninayoyaandaa yana kila kitu cha jengo linalokuja: ramani ya kiwanja, sura za pande nne, mabomba, umeme, maegesho. Hayana karatasi hata moja ya nyumba inayoondoka. Kuanzia mradi wa mwezi ujao nitaweka moja, kwa mkono wangu, na mteja hatatozwa.

Imezungushiwa mabati pande zote ile nyumba ya tangi. Nakala ya mzee aliipata.

Na ninyi wachoraji wa Nairobi, mlioko GoDown, Kuona, Banana Hill, Kawangware, na ninyi wanafunzi mnaokuja Jumamosi kujifunza mistari kwangu: chukueni karatasi mwende mkachore mtaa mnaoujua kabla mabati hayajafika. Chora ukuta pamoja na ukoga wake, jiko la mama wa chakula, tangi, nguzo ya daraja na alama ya maji. Nyuma ya karatasi andika jina la barabara, tarehe, saa, na upande uliosimama.